Huwaida wa Mstari wa Tisa

Orodha ilifika Kizingitini Jumanne kabla ya adhuhuri, na haikulipa nauli. Iliingia kwenye simu za watu mia mbili na ushei, wale wa kundi la abiria wa boti ya Amu, kundi ambalo siku zote lilikuwa na mazungumzo matatu tu: saa ya maji kujaa, bei ya kamba, na rambirambi. Siku hiyo likapata zungumzo la nne, na hayo matatu yakasahauliwa.

Asili yake ni uzembe, wala tusiupambe. Kliniki moja ya afya ya akili mjini Amu, ya shirika la watu binafsi, ilikuwa ikiwakodia boti wagonjwa wa visiwa vya kaskazini mara moja kwa mwezi. Boti haiondoki mpaka nahodha awe na majina ya abiria ya kuwaonyesha askari gatini. Basi karani wa kliniki, badala ya kutuma majina matupu, akatuma jedwali zima: jina, mji, ugonjwa, dawa, na maneno mawili matatu ya daktari. Na badala ya kumtumia nahodha, akalitupa kundini. Alilifuta baada ya dakika kumi na moja. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya yalikuwa yameshafika Faza na Pate.

Huwaida alikuwa mbele ya watoto wa chekechea, akiwafundisha kuhesabu kwa kombe za pwani, simu ilipotetema ndani ya mkoba. Akaifungua. Majina kumi na saba. Mstari wa tisa uliandikwa: Huwaida Bakr, Kizingitini; sonona kali baada ya kufiwa; aliwahi kunuia kujidhuru; anaendelea na dawa. Alikalia kiti cha mtoto, magoti yakamfika kidevuni, akawaambia watoto wahesabu tena tangu mwanzo.

Kuitwa mwendawazimu angekuvumilia. Hofu yake ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa imekaa mstari wa mbele na kombe mkononi: Lubna, bintiye wa miaka sita. Fadhil, mume aliyempa talaka miaka miwili nyuma, sasa alikuwa na kazi bandarini, nyumba ya mawe upande wa Kililana na mke mwingine. Mara mbili alikwisha kumwambia kwamba siku akipata sababu atamchukua mwanawe. Sasa sababu ilikuwa imeandikwa, na aliyeiandika ni daktari.

Akangoja mji umtazame. Alitoka shuleni akiwa amejikaza, akapita kisimani, akapita dukani, na hakuna aliyegeuza shingo. Wote walimsalimia kwa huruma, wakamwuliza habari za nyumbani, wakamwambia Mola atawapa subira. Ilimchukua mpaka alasiri kuelewa kwamba walikuwa wakimpa pole kwa ajili ya mtu mwingine.

Nyumba ya marehemu Mzee Bakr ilikuwa na ada yake: mwana wa kiume akijaliwa binti wa kwanza, humpa jina la mamake. Mzee alikuwa na wana wawili. Yassir akapata Huwaida, na miaka minane baadaye Shukri naye akapata Huwaida. Nyumbani haikuleta taabu. Wa pili aliitwa Mdogo na mambo yakaisha. Kwenye vitambulisho mmoja alikuwa Huwaida Yassir Bakr na mwenzake Huwaida Shukri Bakr. Lakini jedwali la karani lilikuwa na nafasi ya majina mawili tu, la kwanza na la mwisho, na jina la kati, ambalo ndilo linalotenganisha watu katika visiwa hivi, likaachwa nje.

Na Mdogo alikuwa bibi harusi. Nikaha yake na Idris wa Pate ilikuwa iwe Ijumaa ile ile, naye alikuwa amewekwa ndani siku ya kumi na mbili, akisingwa na kufukizwa udi, haonekani na mtu asiye wa nyumbani. Tena mwaka uliopita watu walimwona mara mbili pale klinikini Amu. Basi mji ukajumlisha: haonekani, inasemekana amekonda, alikuwa klinikini, kumbe amefichwa. Huwaida mkubwa wanamwona kila asubuhi akicheka na watoto wao, na mgonjwa wa akili atachekaje? Ndivyo ujinga unavyopiga hesabu zake, na jibu hulipata haraka.

Kabla ya magharibi wakubwa wa Idris walikwisha kutuma neno kwamba watakuja Alhamisi kuzungumza. Bwana Shukri, babake Mdogo, aliyemlea Huwaida pia tangu Yassir afariki, akapiga simu klinikini. Aliomba aambiwe neno moja tu, kwamba mgonjwa huyo si bintiye. Akajibiwa kwa adabu kubwa kwamba habari za wagonjwa ni siri na haziwezi kutolewa kwa mtu. Waliomwaga siri za watu kumi na saba hadharani walikumbuka amana siku ambayo mzee mmoja alihitaji neno moja. Huwaida alikuwa amesimama pembeni yake wakati wa simu hiyo. Alimwona ami yake akiishusha polepole, na hakusema kitu, na kwa kunyamaza kule alijichukia.

Jumatano alipanda boti ya asubuhi, akaaga kwamba anakwenda Amu kununua vitu vya harusi.

Alikwenda kwanza kwa wakili. Kagendo alikuwa mwanamke wa Meru, mwaka wa nne Amu, katika ofisi ndogo ya msaada wa kisheria juu ya duka la vitambaa. Aliisoma picha ya orodha kwenye simu, akauliza maswali machache, kisha akaeleza bila kupamba. Habari za ugonjwa wa mtu, alisema, ni katika zile ambazo Sheria ya Ulinzi wa Data inazilinda zaidi ya nyingine. Kliniki ilipaswa kumwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa sabini na mbili, na kuwaarifu wagonjwa wenyewe bila kuchelewa. Huwaida angeweza kupeleka malalamiko kwa Kamishna, bila ada, na uamuzi hutakiwa katika siku tisini. Angeweza pia kushtaki mahakamani kwa kuvunjiwa faragha yake na kudai fidia. Au angeweza kupatana na kliniki, lakini asitie sahihi karatasi yao yoyote kabla ya kumwonyesha.

Huwaida aliuliza kama yote hayo yangeweza kufanywa bila jina lake.

Kagendo alisema Kamishna anaweza kulificha jina kwa umma. Ila kliniki italijua, na Fadhil akienda mahakamani kumdai mtoto, Huwaida ataapishwa na kuulizwa kama wa mstari wa tisa ni yeye au si yeye.

"Sikiliza, Bi Huwaida," alisema. "Ugonjwa unaotibiwa haumnyang'anyi mama mtoto wake. Hakimu anaangalia maslahi ya mtoto, na tutamletea ripoti ya daktari. Lakini ukikana leo, halafu kesho ijulikane, hatakuwa anapima ugonjwa tena. Atakuwa anapima uongo."

Maneno hayo aliyasikia vizuri, na kwa nusu saa aliyaamini. Kisha akaenda klinikini.

Meneja, mtu wa bara aitwaye Jabez, alikuwa hajalala tangu Jumanne, na ilionekana. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hofu, na mwenye hofu hukuuzia chochote. Aliomba radhi mara nne, akafunga mlango, akamwambia kwamba katika wote kumi na saba, yeye ndiye aliyependelewa na Mungu, kwa sababu watu wanadhani ni mwingine. Akamtolea karatasi mbili. Ya kwanza ilisema kwamba mgonjwa amesamehe na hatadai wala kulalamika popote. Ya pili ilikuwa na muhuri, nayo ilisema kwamba Huwaida Yassir Bakr hajawahi kutibiwa hapo.

"Hii ukiwa nayo, hakuna mahakama itakugusa," alisema. "Nenda nazo nyumbani ufikirie. Ile ya kwanza nitumie na nahodha ikishasainiwa."

Mtu mwangalifu asingempa mgonjwa barua ya uongo kabla ya kupata sahihi yake, lakini kama kliniki ile ingekuwa na mtu mwangalifu, hadithi hii isingekuwapo. Huwaida aliikunja ile ya muhuri, akaitia kifuani. Njia nzima ya kurudi aliishikilia kwa mkono juu ya nguo. Aliitaka. Tusimfanye malaika: aliitaka kwa moyo wake wote, na alijiambia kwamba Mdogo ni kijana, mzuri, na maneno ya watu hupita. Mtoto akichukuliwa harudi.

Alifika nyumbani magharibi inaadhiniwa. Lubna alikuwa kwa kina Mdogo, katika chumba cha bibi harusi, amelala juu ya mkeka na vidole vya manjano kwa liwa ya kusingia aliyoichezea. Mdogo alikuwa ameketi kitandani, amekonda kweli, mato yamemvimba. Huwaida alikaa karibu naye, akamwuliza kama amesikia yanayosemwa.

Amesikia yote, Mdogo alisema; kuwekwa ndani si kuzibwa masikio. Babake alimwuliza mara tatu kama ni yeye, naye mara tatu alinyamaza.

"Kwa nini hukukana?" Huwaida aliuliza.

"Ningekana, wangeuliza ni nani basi."

Siri ya mtungi aijuaye kata. Mwaka uliopita Huwaida alimchukua Amu mara mbili, akamwambia anakwenda kutibiwa kichwa, akamwacha akingoja ubaoni nje. Mdogo hakuuliza, lakini kibao cha kliniki aliweza kukisoma. Mwaka mzima alijua, na mwaka mzima alipomwona dadake hajatoka kitandani asubuhi, alimvika Lubna sare, akampeleka shule bila kuambiwa.

"Mimi nitapata mume mwengine, dada," Mdogo alisema. "Wewe hupati Lubna mwengine. Nyamaza tu."

Huwaida alikuwa amekuja na karatasi kifuani kununua usalama wake kwa shingo ya msichana huyu, na msichana alikuwa ameshaitoa shingo bila kuombwa. Aibu ilimpanda. Alimbeba Lubna, akaenda kwake, na kabla ya isha alikuwa ameipiga picha barua ya muhuri, akamtumia Kagendo pamoja na jina lake kamili, majina matatu, na neno moja: andika.

Kagendo alimpigia papo hapo. Alimwambia malalamiko yatakwenda asubuhi. Akamwambia pia kwamba pasipo amri ya mahakama hakuna mtu, hata baba, mwenye haki ya kumtoa mtoto mikononi mwake kwa nguvu, na kwamba anapaswa kulikariri hilo mpaka alijue kwa moyo.

Alhamisi baada ya alasiri wakaja wanaume watano kutoka Pate. Msemaji wao alikuwa Bwana Abubakr, ami yake Idris. Idris mwenyewe alikaa karibu na mlango, ameinamisha kichwa. Na wa tano, kwa kuwa mama yake na mama wa Idris ni ndugu, alikuwa Fadhil. Huwaida alimwona kwa upenyo wa pazia, kutoka ndani walikokaa wanawake, na nusura arudi nyuma. Lubna alikuwa nyuma yake, ameshika nguo yake.

Bwana Abubakr alizungumza kwa heshima, na heshima yake ilikata. Alisema hawakuja kumvunjia mtu jaha. Alisema maradhi ni ya Mungu. Ila mtu hanunui mbuzi bila kumtazama meno, na wao wanaomba binti apelekwe kwa daktari wao, Mombasa, au mambo yaishe kwa salama. Bwana Shukri, ambaye maishani mwake hakuna aliyemsikia akiomba, alianza kuomba. Alisema mwanawe hana ila. Alisema yuko tayari kuapa msikitini. Alisema maneno haya mara mbili, na mara ya pili sauti ilimkatika.

Huwaida akainua pazia akatoka. Mwanamke kuwatokea wanaume katika kikao cha posa si jambo la nyumba ile, na shangazi mmoja alimvuta mkono, lakini alikuwa ameshavuka kizingiti.

"Huwaida wa kwenye orodha ni mimi," alisema. "Huwaida Yassir. Mdogo hakuwahi kuumwa. Alinisindikiza mimi. Nalifiwa na mwanangu mchanga, nikaumwa, natibiwa, na dawa nakunywa hadi yeo."

Bwana Shukri akauliza kwa upole, uliomuumiza kuliko ukali, kwa nini hakumwambia tangu mwanzo. Alimjibu kwamba aliogopa.

Fadhil ndiye aliyesimama. Aliwageukia wenzake, akasema wote wamesikia kwa masikio yao, na kwamba mama asiye timamu hana hadhana, yaani haki ya kumlea mwanawe, na hilo si yeye alisemalo, ni sheria ya dini. Akauliza yuko wapi mwanawe. Lubna alikuwa upande wa pili wa pazia, hatua nne kutoka alipo, na Fadhil akapiga ya kwanza.

Huwaida alisimama katikati.

"Ndia ya mahakama iko wazi," alisema. "Nenda ukalete amri ya hakimu. Bila amri humtoi mtu humu."

Fadhil aliwatazama wanaume wa Pate, akitaraji mmoja atamwunga mkono. Bwana Shukri alinyanyuka, akaja akasimama ubavuni mwa binti wa nduguye. Fadhil akavaa viatu akatoka. Bwana Abubakr alikohoa, akapendekeza nikaha iahirishwe mwezi mmoja, watu wapoe, maana damu ya mabinti hawa wawili hata hivyo ni moja. Hapo ndipo Idris alipoinua kichwa kwa mara ya kwanza tangu aje. Alisema yeye alikuja kuoa Ijumaa, na ami yake akipenda abaki Pate. Nikaha ikasomwa Ijumaa, na waliohudhuria hawakuzidi ishirini.

Jumatatu karatasi za Fadhil zilifika mahakama ya Amu. Wiki tatu zilizofuata Huwaida hakujua usingizi. Wazazi wawili waliwahamisha watoto wao kutoka darasa lake. Mmoja alimrudisha wake baada ya siku tano, bila kueleza. Malalamiko yalikuwa mbele ya Kamishna, na barua ya Jabez imeambatanishwa. Mdogo, siku ya tisa ya ndoa yake, alivuka kwenda Amu kutia sahihi malalamiko yake mwenyewe, kwa kuwa Kagendo alisema aliyechafuliwa kwa habari isiyo yake naye ana haki. Kati ya wale wengine kumi na sita, watatu walikuja kwa Huwaida kuuliza hutiwa wapi sahihi. Kumi na watatu hawakuja, na hakuna wa kuwalaumu.

Siku ya kesi walikaa katika chumba kidogo, mlango umefungwa, kwa sababu kesi za watoto hazisikizwi hadharani. Wakili wa Fadhil aliusoma mstari wa tisa kwa sauti, polepole. Kagendo alipinga, akisema karatasi ile ilipatikana kwa kuvunjwa sheria. Hakimu, mwanamke mwenye miwani, alisema ataliandika pingamizi. Kisha akamwuliza Huwaida kama mgonjwa huyo ni yeye. Huwaida alisema ni yeye. Akataja dawa zake, na siku zake mbaya, na nani humpeleka Lubna shule siku hizo. Alisema siku akishindwa humwambia mtu kwamba ameshindwa, na kwamba zamani hakuwa akijua kusema hivyo. Aliposhuka hakujua kama amejiokoa au amejimaliza.

Zamu ya Fadhil ikafika. Alikuwa amevaa vizuri na alizungumza vizuri, kuhusu nyumba yake na shule iliyo karibu. Kagendo alisimama na maswali machache. Alianza kwa kumwuliza ni lini alijua kwamba aliyekuwa mkewe ni mgonjwa.

"Mwezi uliopita. Kwenye orodha."

"Mlipokuwa mkiishi pamoja, baada ya kufiwa, hukuona kitu?"

Fadhil alisita. Akisema hakuona, atakuwa mume asiyejua mkewe; na hakuwa mtu wa kukubali kuonekana mjinga.

"Naliona," alisema. "Miezi mitatu halali, hali, hasemi na mtu. Kisu nalikuwa nakificha. Ndiyo sababu nalimwacha."

"Wakati huo alikuwa na daktari?"

"Hakuwa na daktari wala dawa."

"Na siku ulipoondoka nyumba ile, Lubna ana miaka minne, ulimwacha na nani?"

Fadhil alimtazama wakili wake, naye wakili wake alikuwa akitazama meza.

"Jibu," hakimu alisema.

"Na mamake," alisema Fadhil.

Hakimu aliandika kwa muda. Kisha akaamuru kwamba mtoto abaki alipo mpaka ripoti ya daktari isomwe, na baba amtembelee Jumamosi mbili kwa mwezi. Huwaida alilia hapo hapo kwenye benchi, uso wazi, mbele ya hakimu na karani na mume aliyemwacha, na hakujali nani angeandika nini.